Kiraka cha Chifu

Mama Habsa aliniletea kobe wake ndani ya karai la buluu, Jumatatu saa tatu asubuhi, wakati nilikuwa nafungua vibunda vya miraa na sijaonja hata chai. Aliliweka karai juu ya meza yangu, katikati ya bidhaa, kana kwamba ameniletea viazi.

"Huyu anaitwa Chifu," akasema. "Atakaa kwako."

"Salamu kwanza, mama."

"Salaam aleikum, intala. Atakaa kwako."

Intala ni msichana kwa Kiborana. Mimi nina miaka arobaini na tatu, nimeolewa nikaachika, na goti langu la kushoto hulia kama mlango wa kanisa. Lakini kwa Mama Habsa, mtu yeyote ambaye bado ana meno yake yote ni msichana.

Tulikuwa majirani huko Kiwanjani kwa miaka tisa, ua mmoja wa mabati katikati yetu. Siku hiyo alikuwa anahama. Mumewe alikuwa amefariki, magoti yalikuwa yamemshinda, na ndugu yake wa Korbesa, upande wa Merti, alikuwa amemwambia aje akae na watu wake. Lori la kwenda Merti lilikuwa linanguruma nyuma yake, mizigo imefungwa, na dereva anapiga honi kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Kwa nini mimi?" nikauliza.

"Wewe uko hapa," akasema.

"Hata Muthomi yuko hapa." Muthomi huuza viatu vya mitumba meza ya pili kutoka yangu. Aliposikia jina lake akajificha nyuma ya buti.

Mama Habsa hakumtazama. Aliniinamia. "Sikiza. Ukipata faida yake, kula. Akizaa, niambie. Akiugua, niambie. Watu wangu watakuja kumwona."

"Faida ya kobe ni nini, mama? Nitamkamua?"

Alicheka mpaka akashika meza. "Utaona," akasema. Kisha akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na muhuri wa watu wa wanyama pori, jina la marehemu mumewe, na pale pa kuandika kama mnyama ni dume au jike, mtu alikuwa ameandika "haijulikani". Mimi kitambulisho changu kilipopotea nilizunguka ofisi miezi minne. Kobe ana karatasi yenye muhuri.

Lori likaondoka. Nikabaki na Chifu, na Chifu akabaki na mimi, na hakuna kati yetu aliyejua makubaliano ni yapi.

Alikuwa mkubwa kama sufuria ya kupikia watu wa mazishi, gamba la rangi ya mchanga lenye madoa meusi. Upande wa nyuma, kulia, gamba lilikuwa limewahi kuvunjika. Hiyo habari niliijua, maana Mama Habsa aliisimulia kila mgeni alipokuja: wakati barabara ya Moyale ilipokuwa inawekwa lami, gurudumu la lori lilimpiga kobe pembeni likamrusha mtaroni, na marehemu akamwokota, akamleta nyumbani akiwa amemfunga kwa kikoi. Akaziba ufa kwa kipande cha bati alichokata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na ile gundi ya mirija miwili ambayo mafundi huchanganya. Bati lilikuwa limekaa hapo miaka kumi na minne, pana kama kiganja changu, na ukiangalia vizuri ungeona bado nusu ya ua jekundu la mkebe.

Sasa, ukigonga gamba mahali pengine, lilitoa sauti ya mfupa. Ukigonga kiraka, kililia kama mlango wa chumba kisicho na mtu.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, na lazima niseme kwa nini. Miaka sita iliyopita, mteja wangu mmoja, mtu wa salamu nzuri na shati lililopigwa pasi, aliniachia gunia. "Nishikie siku mbili, dada, ni nguo za watoto." Nikalisukuma chini ya meza. Kesho yake polisi wakaja moja kwa moja, hawakuuliza hata meza ni ya nani, wakavuta gunia. Nguo za watoto zilikuwa juu. Chini ilikuwa bangi ya kutosha kulaza kata nzima. Nilisema ukweli kituoni, nikasema ukweli mahakamani, nikasema ukweli kwa kila mtu aliyevaa kofia, na ukweli wangu ukanipa mwaka mmoja ndani. Huko nilijifunza kushona mashati ya wafungwa, kucheka bila sababu, na kutoshika kitu cha mtu bila kujua ni nini na kwa nini mimi.

Kwa hivyo nilipogonga kile kiraka nikasikia nafasi, moyo wangu ulirudi nyuma hatua mbili. Lakini nikajiambia, Kathure, huyu ni Mama Habsa. Alikuletea uji ulipotoka jela. Tulia.

Nikatulia mpaka Jumapili.

Jumapili alasiri aliingia kijana wa miaka thelathini hivi, kikoi safi, fimbo ya mifugo mkononi. Alisema salaam aleikum, akasema anaitwa Galma, ni dalali wa mbuzi pale sokoni, Mama Habsa ni shangazi yake. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Alienda moja kwa moja kwa Chifu, aliyekuwa chini ya mti wangu wa mwarobaini akitafuna jani la mgomba ambalo miraa hufungiwa. Akambeba. Akaangalia tumbo. Akavuta mguu wa nyuma, akauachilia, akaangalia ukirudi. Akabonyeza kiraka kwa kidole gumba pande zote nne. Halafu akakinusa.

"Ako sawa," akasema.

"Umetumwa na shangazi?"

"Hapana. Nimekuja tu kuona mnyama yetu."

"Yenu?"

"Yetu."

"Yenu akina nani? Mimi nilipewa."

"Ndiyo," akasema, "ulipewa," kwa furaha kabisa, kana kwamba tumekubaliana.

Sasa akakaa. Akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Chifu akanyamaza, lakini hiyo ni kazi yake. Baada ya muda nikaelewa kwamba huyu mtu hataondoka bila chai, nikapika. Alikunywa vikombe vitatu, akanihadithia ngamia wa mjomba wake aliyekataa kuvuka Ewaso Nyiro kwa sababu aliona kivuli chake, nikacheka mpaka nikamwaga sukari. Kisha akaenda. Nilipofunga lango ndipo nilipokumbuka kwamba sijaelewa chochote.

Jumapili iliyofuata alikuja mzee mmoja kutoka Korbesa, ambaye alikuwa mjini kutafuta dawa ya macho. Huyo hakuona vizuri, kwa hivyo alimkagua Chifu kwa mikono. Alipofika kwenye kiraka alikipima kwa vidole, viwili, vitatu, vinne, akasema kitu kwa Kiborana na kutabasamu peke yake. Halafu akanigeukia mimi. Akaniuliza baba yangu alizaliwa wapi, ndugu zangu ni wangapi, nani kati yao tunasalimiana, nani hatusalimiani, na Krismasi huwa naenda kwa nani.

"Siendi kwa mtu, mzee. Nafungua meza. Krismasi watu wanatafuna sana."

"Peke yako?"

"Na wateja."

Alitikisa kichwa kwa huzuni kama daktari anayesoma karatasi mbaya. Akaniombea dua ndefu, akanywa chai, akaenda.

Jumapili zilizofuata zikawa hivyo, Galma au mwingine wao, na mimi na maziwa ya chai. Na kila Ijumaa baada ya swala, simu. "Intala, Chifu amekula?"

"Amekula, mama. Amekula hata kandambili yangu."

"Kiraka kiko?"

"Kiko."

"Usikiguse."

Kila Ijumaa. Usikiguse.

Nilimweleza Muthomi. Hilo lilikuwa kosa, maana Muthomi akipewa moshi hutengeneza nyumba inayoungua. Alipanga viatu vyake mstari mzima kabla ya kujibu.

"Kathure. Wewe ulikaa ndani mwaka mzima na hukujifunza kitu?"

"Nilijifunza kushona mashati."

"Mtu hatoki Korbesa, gari siku nzima, kuja kuangalia kobe. Kobe hana maziwa. Kobe hana ngozi. Hata mbio hana. Wanaangalia nini?"

"Afya yake."

"Wanaangalia kiraka," akasema Muthomi. "Na wewe umeniambia kiko wazi ndani."

Nilimcheka. Nikamwambia aende akauze viatu vya mguu mmoja. Lakini nilipofika nyumbani nilikigonga tena.

Aliyenimaliza ni Tiya. Alikuja siku ya Alhamisi kutoka Merti, mpwa mwingine wa Mama Habsa, msichana mpole mwenye mimba kubwa na miguu iliyovimba, amekuja kliniki. Nilimpenda mara moja. Alikula sahani mbili za githeri akaomba chumvi. Kisha akasimama, akaanza kutembea nyumbani mwangu. Akafungua pazia la chumba cha pili.

"Hapa analala nani?"

"Hakuna mtu. Magunia."

"Choo iko ndani ya ploti?"

"Iko pale nyuma."

"Usiku lango mnafunga saa ngapi? Ukigongewa unasikia?"

Nikamtazama. Yeye akamtazama Chifu, akainama kwa taabu, mkono mmoja mgongoni, akapapasa kiraka. "Shangazi amesema hii isiguswe kabisa," akasema. "Amesema nikukumbushe."

Sasa niambie, wewe ungefikiri nini? Kobe aliyezibwa kwa bati. Watu wanakuja zamu kwa zamu kuhakikisha bati liko. Sasa wanapima vyumba na kuuliza kama nasikia lango likigongwa. Nilimsindikiza Tiya mpaka kwa boda, nikamwambia dereva aende polepole, nikarudi nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sikuwa naogopa kobe. Nilikuwa nasikia funguo za askari jela wa kule Meru, nilikofungwa, zikigongana kiunoni mwake.

Jumamosi sikufungua meza. Saa sita mchana, jua kali, nilifunga lango kwa kufuli, nikamweka Chifu juu ya gunia, nikachukua kisu changu cha kukatia miraa. Nilimwambia, "Chifu, kama hauna kitu, nitakuomba msamaha kwa Kimeru, Kiswahili na Kiborana." Akaingiza kichwa ndani. Nikachomeka ncha ya kisu chini ya ukingo wa bati.

Upande wa kwanza ulitoka kwa urahisi, kama kifuniko cha sufuria. Upande wa pili pia. Ndani niliona nafasi ndogo, giza, na sasa nilikuwa na uhakika. Nikavuta kwa nguvu. Upande wa tatu ulishika, nikavuta zaidi, kitu kikalia kama ukucha unaong'oka, na Chifu akatoa pumzi. Sijawahi kusikia kobe akitoa sauti. Ilikuwa kama gurudumu la baiskeli likitobolewa.

Bati lilitoka na kipande cha gamba. Mahali lilipokuwa, palikuwa na udongo mkavu na sisimizi mmoja aliyekufa zamani. Hakuna kingine. Halafu, kwenye ule upande wa tatu, mahali palipokuwa peupe pakawa pa waridi, na tone la damu likasimama hapo, likawa kubwa, likateremka.

Nilikaa pale na kisu mkononi. Nakwambia ukweli, kwa dakika moja nilikasirika kwamba hakukuwa na bangi.

Kisha nikakimbia. Kuna daktari wa mifugo anaitwa Mutea, ana duka la dawa karibu na soko, na mimi humtania kila siku kwamba ng'ombe wanamwelewa kuliko mkewe. Siku hiyo sikumtania. Nilimvuta kwa mkono, akiwa na kijiko cha wali bado mdomoni. Alimwangalia Chifu muda mrefu, akamwosha kidonda kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akapaka ile dawa ya kahawia.

"Ulifikiri ni nini?" akaniuliza. "Bati juu ya bati? Hili gamba ni mfupa, Kathure. Ni mwili. Lina damu, linasikia uchungu. Mfupa ulikuwa umemea ukashikana na gundi."

"Kwa hivyo hata aliyekiweka kiraka alikosea?"

"Alimwokoa. Halafu kilipaswa kutolewa, pengine miaka kumi iliyopita, na mtu anayejua. Si kwa kisu cha miraa." Akafunga mkoba wake. "Usizibe tena. Kikae kikavu, kisafi, na nzi asikaribie. Nzi akitaga hapo, umempoteza. Itachukua mwaka, pengine miwili."

"Atapona?"

"Kobe hana haraka ya kufa," akasema Mutea, "lakini pia hana haraka ya kupona."

Kwa hivyo Chifu alilala ndani ya neti yangu ya mbu, kitandani, juu ya gazeti, na mimi nikalala chini nikiliwa na mbu wa Kiwanjani wote na wageni wao. Jumapili hakutoa kichwa. Jumatatu hakutoa kichwa. Nilimwekea nyanya, nikamwekea tikiti, nikamwekea hata ile kandambili. Jumatatu jioni niligundua kitu cha ajabu: Jumapili ile nilikuwa nimenunua maziwa mengi, kwa mazoea, na hakuna mtu aliyekuja, na maziwa yakaganda.

Muthomi, naye, alikuwa na dawa yake. "Rudisha bati. Gundi iko kwa fundi wa redio, inashika dakika tano. Wakija wanabonyeza, wananusa, wanakunywa chai. Nani atajua?"

"Daktari amesema nisizibe."

"Daktari atakufungia lango wakija na fimbo?"

Nilinunua gundi. Sitaki kujifanya. Niliinunua, mirija miwili, nikaiweka dirishani kando ya bati lenye nusu ya ua jekundu. Usiulize nilifikiri nini siku hizo. Upande mmoja nilifikiri: mara ya mwisho niliposema ukweli nilipewa sare. Upande mwingine nilifikiri: nikiziba, kidonda kitaoza ndani, na nitakuwa mimi ndiye niliyeficha kitu kibaya chini ya bati zuri, kama yule mtu wa shati lililopigwa pasi.

Jumanne asubuhi lango likagongwa. Galma. Alikuwa amekuja siku isiyo yake.

Ningeweza kumwambia Chifu amelala. Ningeweza kumwambia rudi jioni. Badala yake mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia, ulisema, "Nimemuumiza mnyama wenu. Kwa mkono wangu. Njoo uone."

Alivua viatu akaingia. Aliinua neti. Aliangalia kidonda, hakukigusa, akakiangalia tena kutoka upande mwingine. Muda wote huo nilikuwa nasema: gunia, polisi, mwaka mmoja, sauti ya uwazi ndani ya kiraka, mzee aliyeniuliza Krismasi, Tiya na pazia, sisimizi. Nilisema yote mpaka nikaishiwa, kisha nikasema tena ya sisimizi.

"Ngoja," akasema Galma. "Ulifikiri tunaficha kitu ndani ya kobe?"

"Mnakuja kila wiki kukagua kiraka!"

"Tunakuja kukagua mnyama. Ni dabare."

"Dabare ni nini?"

Alinitazama kama mtu aliyekuwa akiongea na simu iliyokatika zamani. "Haujui dabare? Miaka yote hiyo jirani ya shangazi?" Akakaa chini, sakafuni. "Mimi nikiwa na ng'ombe, na wewe hauna, nakuachia mmoja. Maziwa yako. Ndama wangu. Ng'ombe wangu, lakini anaishi kwako. Na lazima nije kumwangalia, na watu wangu lazima waje, la sivyo tumekutupa. Mtu akipewa mnyama na haendewi, hiyo ni matusi. Tulikuwa tunakuheshimu!"

"Lakini huyu ni kobe!"

"Shangazi hana ng'ombe tena. Ukame ulimaliza. Ako na kobe."

"Na faida? Alisema nile faida. Faida ya kobe ni nini?"

Galma akafikiri. "Umekunywa chai na sisi mara ngapi?"

"Chai ilikuwa yangu!"

"Ehe," akasema, kana kwamba nimemalizia hesabu vizuri.

Sikuelewa. Hata sasa nikieleza, kuna mahali katikati ambapo huteleza. Lakini alikuwa tayari amepiga simu na kuiweka sauti juu, na Mama Habsa alikuwa tayari anasema hallo, hallo, kwa kelele ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Galma alimweleza kwa Kiborana. Halafu, kwa Kiswahili:

"Intala. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Sijui, mama. Bangi. Dhahabu. Sijui."

"Ulipata?"

"Udongo. Na sisimizi, amekufa."

Nikasikia mbuzi wa Korbesa wakilia nyuma yake. Aliporudi, sauti ilikuwa imepungua. "Yule mzee alikaa siku mbili akikata hiyo bati. Aliikata kwa makasi yangu, yakaharibika. Nilimgombeza." Akapumua. "Iko wapi?"

"Iko dirishani."

"Usiitupe."

Hapo ndipo nilipolia, mimi ambaye sikulia mbele ya hakimu. Galma akaangalia ukuta kwa heshima. Nilimwambia Mama Habsa aliyosema Mutea, kwamba kiraka kilipaswa kutoka, kwamba kidonda kitakaa wazi, mwaka au miwili, kwamba Chifu anaweza kufa na kosa litakuwa langu. Nikamwambia kwamba Galma atamchukua leo, na nitamlipia boda.

"Amchukue ampeleke wapi?"

"Kwenu."

"Mnyama wa dabare harudishwi kwa kidonda," akasema. "Ungeficha, Galma angembeba sasa hivi, na wewe usingetuona tena. Umesema. Sasa mtibu."

"Mama, niambie kitu kimoja tu. Kwa nini mimi? Mji mzima huu. Ulijua nimetoka jela. Kwa nini ulinipa mimi?"

Nilingoja. Nilifikiri atasema kitu kuhusu moyo wangu. Nilikuwa hata nimepangusa uso.

"Nyumba yako iko karibu na hospitali," akasema Mama Habsa. "Na choo iko ndani ya ploti. Tiya anakaribia kujifungua, na Merti ni mbali, na wale wa hospitali wamesema mtoto amekaa vibaya. Nikiuza nyumba yangu, watu wangu watafikia wapi? Hotelini?"

"Mama, hukuniambia hata neno moja!"

"Nilikupa mnyama!" akasema kwa mshangao wa kweli. "Nikuambie vipi tena?"

Galma alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kwao ilikuwa wazi kama mchana. Ilikuwa kama nimepewa barua kubwa, iliyoandikwa vizuri, na kwa majuma sita nimeishika juu chini nikitafuta bangi.

"Tiya atakuja kesho na dada yake," sauti ikaendelea. "Mtoto akizaliwa, wewe ndiye utamsimamia hospitali, hao wasichana hawajui kugombana na manesi. Wewe unajua. Nimekusikia miaka tisa."

"Sijakubali, mama."

"Salamu kwa Chifu," akasema, na simu ikakatika.

Galma aliinuka. Aliingia chumba cha pili bila kuuliza, nikasikia akisukuma magunia yangu, akipima kitu kwa hatua, akiongea peke yake. Chifu, ndani ya neti, alikuwa bado hajatoa kichwa. Mguu mmoja tu wa mbele ulikuwa umeonekana, kucha tano juu ya picha ya mgombea fulani kwenye gazeti.

Niliingia nikamfuata. "Galma. Hebu nieleze vizuri, polepole. Nimesamehewa, nimeadhibiwa, au nimeandikwa kazi?"

Alikuwa ameshika mguu wa meza ya zamani iliyojaa vibunda vitupu na majani makavu. Alinitazama, akajaribu kweli kufikiria jibu, nikaona paji la uso likikunjana. Halafu akaacha.

"Kitanda ya Tiya haitaingia hapa," akasema. "Shika upande ule."

Nikashika.